Karakana ya Gari Nyumbani: Ipangwe Vipi Ili Isidhuru Maji, Jirani Wala Mwenye Nyumba

Barabara kuu itokayo Uyole, ikapita Kiwira na Tukuyu na kuteremka hadi Kyela na mpaka wa Kasumulu, imelifanya gari kuwa chombo cha kazi katika kata nyingi za Wilaya ya Rungwe. Ndizi, viazi, parachichi, maziwa na majani ya chai husafirishwa kwa magari. Wagonjwa huwahishwa hospitali kwa magari. Na familia nyingi zilizokuwa zikitegemea usafiri wa kukodi sasa zina pikipiki, bajaji au gari dogo lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika. Gari la namna hiyo hudai matengenezo ya mara kwa mara, na mwenye gari huona ni nafuu kuyafanya nyumbani, ama kwa mikono yake, ama kwa kumwita fundi.

Jambo hilo ni halali na lina faida. Hata hivyo, kutengeneza gari uani, juu ya udongo mtupu, huku gari likiwa limeegemezwa juu ya mawe, kuna hatari za aina tatu. Hatari ya kwanza ni kwa uhai wa anayelala chini ya gari. Ya pili ni kwa chemchemi na mito ambayo watu walio bondeni huchota maji yake. Ya tatu ni moto. Makala haya yanaeleza namna mkazi anavyoweza kupanga, kujenga na kuweka vifaa katika karakana ndogo ya nyumbani inayofaa kwa hali ya hewa na ardhi ya Rungwe, pamoja na taratibu anazopaswa kuzifuata kabla ya kuanza.

Karakana ya familia au ya biashara?

Swali hili lijibiwe kabla ya kununua tofali la kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua taratibu zitakazofuata. Karakana ya familia ni ile ambamo mwenye nyumba hutengeneza magari yake mwenyewe, hatozi malipo wala hapokei magari ya watu wengine. Hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya makazi, sawa na banda au stoo, na kinachohitajika ni kibali cha ujenzi.

Mara tu magari ya wateja yanapoanza kupokelewa kwa malipo, karakana hiyo ni biashara, hata kama ipo nyuma ya nyumba na haina kibao. Wananchi huziita karakana kama hizo gereji bubu. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka anayeendeleza kiwanja au kubadilisha matumizi yake apate kwanza ridhaa ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwa eneo letu ni Halmashauri. Mwenye biashara anahitaji pia namba ya mlipakodi kutoka TRA, leseni ya biashara, na usajili wa eneo la kazi kwa OSHA chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Wapo wanaoanza na gari lao na baada ya mwaka mmoja au miwili wakajikuta wanapokea magari ya jirani na ndugu. Kwa mtu wa namna hiyo ni busara kupanga tangu mwanzo kana kwamba biashara itakuja, yaani kuacha nafasi ya kugeuzia gari, kujenga sakafu imara na kuchagua mahali ambapo kelele hazitamsumbua jirani. Kurekebisha jengo lililokwisha kusimama huwa ni gharama kubwa kuliko kulipanga vizuri kabla.

Kuchagua eneo katika ardhi ya mteremko

Viwanja vingi vya Tukuyu na vijiji vinavyouzunguka mji viko katika miteremko. Udongo wake umetokana kwa sehemu kubwa na majivu ya volkano za kale za Mlima Rungwe na milima jirani. Ni mwepesi, una rutuba, na maji hupenya ndani yake kwa urahisi. Sifa hizo ni neema kwa mkulima wa chai na migomba, lakini zinamtaka mjenzi wa karakana awe mwangalifu. Oili inayomwagika juu ya udongo kama huo huzama, nayo mvua huisukuma taratibu kuelekea bondeni, ambako ndiko kwenye chemchemi na vijito.

Kwa hiyo eneo lichaguliwe kwa kuangalia mambo yafuatayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Karakana isijengwe ndani ya mpaka huo, na ikae mbali na chanzo chochote cha maji kilicho chini yake mteremkoni. Kwa walio kando ya barabara kuu au ya mkoa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Jengo la ndani ya hifadhi hiyo laweza kubomolewa bila fidia, na gari linalotengenezwa hapo huwa kikwazo kwa wapita njia.

Ikilazimu kukata mteremko ili kupata eneo tambarare, ukataji usifanyike chini kabisa ya kiwanja cha jirani wa juu bila ushauri wa mtaalamu. Udongo uliokatwa wima hushiba maji wakati wa mvua na kuporomoka. Ukuta wa kuzuia udongo ujengwe kwa mawe au zege, na uachiwe matundu ya kupitishia maji yanayojikusanya nyuma yake. Ukuta usio na matundu hugeuka bwawa, na huanguka siku maji yanapouzidi nguvu.

Ukubwa wa jengo na paa lake

Gari la familia la kawaida lina urefu wa kati ya mita 4 na mita 5, na upana unaokaribia mita 2 vioo vya pembeni vikihesabiwa. Fundi anahitaji nafasi ya kufungua milango, kupita kila upande na kusimama mbele ya injini. Kwa gari moja, chumba chenye upana wa mita 4.5 na urefu wa mita 7.5 kinatosha: gari huchukua sehemu ya nyuma, na mita mbili za mwisho hubaki kwa meza ya kazi na rafu. Mlango uwe na upana wa mita 2.7 hadi 3. Kuta ziwe na kimo cha mita 3, ili gari lililoinuliwa lisiguse kenchi na boneti ifunguke yote.

Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho miji mingi ya Tanzania haikifikii. Karakana ya vipimo tulivyotaja, bati likizidi kuta kidogo kila upande, itakuwa na paa la takriban mita za mraba 47. Kwa mwaka mzima paa hilo litapokea zaidi ya lita 90,000 za maji. Mvua moja kubwa ya milimita 30 pekee huteremsha takriban lita 1,400. Maji hayo yakiachwa yaanguke ovyo yatachimba msingi, yataingia karakanani na kuchukua oili, kisha yatamfikia jirani wa chini. Mifereji ya paa na tangi la maji ni sehemu za lazima za jengo. Maji ya ziada yapitishwe kwenye mtaro uliojengewa, kuelekea mahali ambapo hayatamdhuru mtu.

Sakafu ndiyo karakana

Mwenye fedha kidogo aanze na sakafu na paa. Kuta zinaweza kusubiri, sakafu haiwezi. Jeki inayosimama juu ya udongo huzama au huinama, na udongo ulionywa oili hausafishiki.

Sakafu ya karakana haina budi kuwa nene kuliko ya sebule. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, panga mawe na uyashindilie vizuri, kisha mimina zege lenye unene wa milimita 125 kwa uwiano wa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Kwa chumba cha mita 4.5 kwa 7.5, hilo ni zege la mita za ujazo 4.2, nalo hudai takriban mifuko 27 ya saruji ya kilo 50. Zege limwagiwe maji kila siku kwa muda usiopungua siku saba. Hata katika msimu wa baridi wa Juni na Julai, jua la mchana na upepo huweza kulikausha kabla halijakomaa. Gari lisiingizwe kabla ya siku 28 kutimia.

Jambo moja husahauliwa na mafundi wengi wa ujenzi: sakafu ya karakana isiwe na tundu la kutolea maji nje. Tundu hilo ndilo njia ambayo oili, petroli na maji ya rejeta huitumia kufika mtaroni na hatimaye mtoni. Badala yake, sakafu iinamishwe kidogo sana, sentimita moja kwa kila mita, kuelekea kishimo kidogo cha zege kilichopigwa lipu ya saruji, kisicho na njia ya kutokea. Kishimo cha sentimita 30 kila upande huhifadhi lita 27, na kilichomo hutekwa kwa kopo na kuwekwa kwenye dumu la taka. Mlangoni pawe na kizingiti cha chini chenye mwinamo, ili gari lipite na maji ya mvua yasiingie.

Karakana ya biashara, ambayo husafishwa kwa maji mara kwa mara, inahitaji mtego wa mafuta wenye vyumba vitatu. Ufanyaji kazi wake ni rahisi kueleweka: mafuta huelea juu ya maji. Bomba linalounganisha chumba kimoja na kingine huchukua maji kutoka chini, hivyo mafuta hubaki yakielea katika chumba cha kwanza na cha pili, ambako huondolewa kwa mkono. Mtego usiosafishwa hujaa, na ukijaa hauna tofauti na mtaro wa kawaida.

Shimo la kukagulia gari: kwa nini tunashauri lisichimbwe

Wengi hutamani shimo la kusimama chini ya gari, kama walivyoliona katika karakana kubwa. Kwa nyumbani, na hasa kwa Rungwe, shimo lina kasoro kubwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hushuka na kukaa shimoni usionekane, ukisubiri cheche moja. Gesi za moshi nazo huweza kujikusanya humo. Wakati wa mvua maji huingia chini kwa chini. Zaidi ya yote, shimo lililo wazi katika uwanja wenye watoto ni mtego. Stendi nne imara zinampa fundi nafasi ya kutosha kwa karibu kazi zote za gari dogo.

Kuinua gari: kanuni isiyo na msamaha

Gari dogo lina uzito unaozidi kilo 1,000, na magari mengi ya familia hukaribia kilo 1,500 au zaidi. Jeki ni chombo cha kuinulia. Haikutengenezwa kushikilia gari wakati mtu yuko chini yake. Mpira mdogo wa ndani ya jeki ya oili ukichanika, gari hushuka bila kutoa ishara. Mawe na matofali ya kuchoma nayo hayafai: tofali huweza kubeba uzito kwa saa nzima kisha likapasuka ghafla.

Utaratibu sahihi ni huu. Gari lisimame juu ya zege tambarare. Breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yatakayobaki chini yazuiwe kwa vipande vya mbao mbele na nyuma. Jeki iwekwe mahali palipoonyeshwa na kitabu cha gari, gari liinuliwe, kisha stendi za chuma zenye uwezo ulioandikwa ziwekwe chini ya sehemu ngumu za fremu au ekseli. Gari literemshwe taratibu likae juu ya stendi, na kabla ya mtu kuingia chini lisukumwe kwa mkono ili kuhakikisha halichezi. Gurudumu lililofunguliwa lilazwe chini ya gari kama kinga ya mwisho. Asiyekuwa na stendi asiingie chini ya gari. Kama bajeti inaruhusu kununua kifaa kimoja tu mwezi huu, kiwe stendi.

Vivyo hivyo, injini isining'inizwe kwenye kenchi za paa. Kenchi hutengenezwa kubeba bati na upepo, nayo injini ya gari dogo huweza kufikia au kuzidi kilo 100. Mwenye haja ya kutoa injini atumie mnyororo wa kunyanyulia uliofungwa kwenye fremu ya mabomba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Umeme, mwanga na hewa

Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Katika karakana, ambamo kuna unyevu, vyuma na waya zinazoburutwa sakafuni, kosa dogo huweza kuua. Laini ya karakana itoke kwenye swichi kuu ikiwa peke yake, iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, na iwekewe kifaa cha kukata umeme unaovuja chenye kipimo cha miliampia 30. Kifaa hicho hukata umeme haraka mno unapopotea njia na kupita katika mwili wa mtu. Soketi ziwe juu ya ukuta, usawa wa kifua au zaidi. Mashine ya kuchomelea iwe na laini yake. Isichomekwe kwenye soketi ya pasi. Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na mzigo mkubwa ukiongezeka, TANESCO ifahamishwe ili ithibitishe kama laini ya nyumba inauweza.

Mwanga mzuri hupunguza makosa na ajali. Bati moja au mawili ya kupitisha mwanga juu ya sehemu ya injini, kuta zilizopakwa chokaa nyeupe, taa mbili ndefu darini na tochi ya kuvaa kichwani vinatosha. Siku za ukungu, ambazo Tukuyu inazifahamu vyema, taa ziwepo hata mchana.

Kuhusu hewa, mkazi wa nyanda za baridi anahitaji onyo la pekee. Baridi humshawishi fundi kufunga mlango, kuwasha injini ndani au kuingiza jiko la mkaa apate joto. Vyote viwili hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo humlegeza mtu kabla hajatambua kuwa anakufa. Injini iwashwe gari likiwa nje. Jiko la mkaa lisiingie karakanani kwa hali yoyote. Nalo, mbali na gesi yake, huwasha mvuke wa petroli. Kuta ziwe na matundu ya hewa juu na chini, pande mbili zinazokabiliana. Ukuta unaotenganisha karakana na chumba cha kulala usiwe na dirisha wala upenyo, na ikiwezekana karakana isimame peke yake, mbali kidogo na nyumba.

Vifaa: nunua kwa awamu

Haraka ya kununua kila kitu kwa siku moja huishia katika vifaa hafifu. Spana laini hupanuka mdomo, huharibu kichwa cha nati, na kumfanya fundi ajeruhi mkono. Awamu tatu zinafaa.

Awamu ya kwanza ni ya usalama na matengenezo ya kawaida: jeki ya magurudumu ya tani mbili au tatu, stendi nne, spana za kuanzia milimita 8 hadi 24, boksi la soketi, bisibisi, koleo, nyundo, spana ya magurudumu, kipimo cha upepo, beseni la kupokelea oili, miwani ya kukinga macho na mtungi wa kuzimia moto. Magari mengi ya Kijapani yanayotembea katika wilaya yetu hutumia zaidi nati za milimita 10, 12, 14, 17 na 19, hivyo saizi hizo zinunuliwe zenye ubora hata kama nyingine zitakuwa za kawaida. Mwenye Land Rover ya zamani akumbuke kuwa nati zake nyingi ni za inchi.

Awamu ya pili ni meza ya kazi na jiliwa. Meza yenye kimo cha sentimita 90, kina cha sentimita 60 na urefu wa mita 2 humfaa mtu wa kimo cha wastani. Mbao nene za mkaratusi zilizokaushwa vizuri hudumu, na jiliwa lifungwe kwa bolti juu ya mguu wa meza, mahali penye nguvu kuliko pote. Katika awamu hii huongezwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, mita ya kupimia umeme na chaja ya betri.

Awamu ya tatu ni pampu ya upepo na mashine ya kuchomelea, kwa yule ambaye kazi yake inazidai. Upulizaji wa rangi za magari tunashauri usifanyike katika makazi: rangi nyingi za kisasa zina kemikali zinazodhuru mapafu, na kitambaa cha kufunika pua hakizizuii.

Unyevu wa Rungwe hula chuma. Vifaa visitundikwe moja kwa moja kwenye ukuta wa tofali. Viwekwe kwenye ubao ulioachiwa nafasi ya kidole nyuma yake, na vipanguswe kwa kitambaa chenye oili kidogo baada ya kazi. Ukichora umbo la kila kifaa ubaoni, kilichopotea huonekana mara moja, na mara nyingi hugundulika kuwa kimesahauliwa ndani ya injini kabla gari halijawashwa.

Oili chafu na betri zilizokufa

Gari dogo hutoa takriban lita nne za oili chafu kila inapobadilishwa. Oili hiyo ina chembe za vyuma na kemikali za moto wa injini. Kuimwaga shimoni, mtaroni au nyuma ya migomba ni kuipeleka kwa jirani wa bondeni. Mito ya Kiwira na Mbaka hutiririka hadi Ziwa Nyasa, na kabla ya kufika huko watu wengi huyatumia maji yake. Desturi ya kupaka oili chafu kwenye nguzo za uzio ili kuzuia mchwa, au kuimwaga barabarani kutuliza vumbi, nayo huishia majini mvua inaponyesha.

Oili chafu ihifadhiwe kwenye dumu lenye mfuniko, lililoandikwa, lililowekwa ndani ya beseni mahali pasipofikiwa na mvua wala watoto. Isichanganywe na petroli, maji wala mafuta ya breki, kwa kuwa mchanganyiko hauwezi kutumika tena. Dumu likijaa, lipelekwe kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC; asiyemjua amwulize afisa mazingira wa Halmashauri. Oili iliyomwagika sakafuni ifunikwe kwa pumba za mbao au mchanga, isioshwe kwa maji na sabuni.

Betri iliyokufa ina risasi na asidi. Isipasuliwe nyumbani wala kuyeyushwa jikoni. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Ikabidhiwe kwa mnunuzi mwenye kibali. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, hivyo ichajiwe penye hewa na mbali na cheche.

Moto

Petroli isiwekwe kwenye chupa za soda wala za maji. Mtoto huinywa akidhani ni kinywaji, na chupa ikianguka hupasuka. Itumike galoni imara yenye kizibo, kwa kiasi kidogo, na ihifadhiwe nje ya nyumba ya kulala. Vitambaa vyenye oili viwekwe kwenye debe la chuma lenye mfuniko. Kabla ya kuchomelea, tangi la mafuta na betri viondolewe karibu. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji, kwa sababu petroli huelea na kusambaa pamoja nayo. Tumia mtungi wa unga mkavu au mchanga. Mtungi utundikwe karibu na mlango, si karibu na meza, ili anayeukimbilia awe anaelekea nje. Moto ukizidi uwezo, watu watoke kwanza, kisha wapige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni ya bure.

Ujirani

Sheria haiwezi kuandika kila kitu ambacho ujirani mwema unakidai. Kugonga vyuma usiku, kuacha injini iungurume alfajiri, au kuegesha gari bovu njiani kwa miezi mingi ni chanzo cha migogoro inayofika katika mabaraza ya kata. Mwenye karakana amweleze jirani yake mpango wake kabla ya kuanza ujenzi, akubaliane naye saa za kazi zenye kelele, na apumzike siku za ibada na misiba.

Hatua za kufuata

Mkazi anayetaka kujenga aanze kwa Mwenyekiti wa Kitongoji au Kijiji na Mtendaji wa Kata, akiwa na nyaraka za umiliki wa eneo lake. Hatua ya pili ni ofisi ya ardhi na mipango miji ya Halmashauri, ambako ataelezwa matumizi yaliyopangwa kwa kiwanja chake na umbali unaotakiwa kutoka mpakani. Hatua ya tatu ni kuwasilisha ramani ya jengo na maombi ya kibali cha ujenzi. Ujenzi uanze baada ya kibali kutolewa, na nakala yake ihifadhiwe eneo la kazi ili wakaguzi waione.

Kwa vijana waliojifunza ufundi mitaani na wanaotaka kutoka katika gereji bubu, zipo njia mbili za kuwasaidia. VETA huwapima mafundi wenye ujuzi walioupata nje ya mfumo rasmi na kuwapa vyeti wanaofaulu. Aidha, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba kupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na karakana moja ya pamoja, yenye sakafu nzuri na mtego wa mafuta, huwa nafuu kujenga na rahisi kusimamia kuliko nyua tano zenye udongo mweusi wa oili.

Mwenye kujenga karakana ayakague mambo matatu kila mwisho wa wiki: stendi zake ziko salama, dumu la oili chafu halivuji, na mlango wa kutokea hauna kizuizi. Kwa maelezo zaidi, wananchi wanakaribishwa katika ofisi za Watendaji wa Kata na makao makuu ya Halmashauri mjini Tukuyu, siku na saa za kazi.